Mkulima, Mbolea na Kisima cha Jirani

Madhara ambayo binadamu humfanyia mwenziwe ni ya namna mbili. Namna ya kwanza huonekana. Mtu akimpiga mwenziwe, jeraha hushuhudia. Akimwibia mbuzi, kamba iliyokatwa hushuhudia. Akilisha ng'ombe wake katika mahindi ya jirani, alama za kwato hushuhudia. Kwa makosa ya namna hii kila jamii ya watu ina sheria zake, na wazee walizijua kabla ya kujengwa kwa mahakama. Namna ya pili haina jeraha, wala kamba, wala kwato. Mtendaji hakukusudia ubaya, mtendewa hajui kwamba ametendewa, na kati ya tendo na matokeo yake huweza kupita miaka 30 au zaidi. Je, katika jambo kama hili yuko mkosaji? Na kama hayuko, hakuna mwenye wajibu wowote?

Swali hili si la kubuni. Linaulizwa na wakulima, wanasheria na wanywaji wa maji katika nchi kadhaa, na limeulizwa kwa ukali sana katika jimbo la California huko Marekani. Asili yake ni kitu ambacho kila mwana wa mkulima anakijua, nacho ni mbolea.

Mmea hauwezi kukua bila naitrojeni. Hewa tunayoivuta imejaa naitrojeni, karibu sehemu 78 katika kila 100, lakini mmea hauwezi kuila ikiwa hewani, kama vile mwenye njaa asivyoweza kula mahindi yaliyofungiwa ghalani. Kwa karne nyingi mkulima aliipata kwa samadi, kwa kupumzisha udongo, na kwa kupanda kunde na maharagwe, ambayo mizizi yake hukaribisha bakteria wajuao kuiteka naitrojeni ya hewa. Mwaka 1909 mtaalamu wa kemia wa Ujerumani, Fritz Haber, alifaulu kuiunganisha naitrojeni ya hewa na haidrojeni akapata amonia, na mwaka 1913 Carl Bosch na wenziwe wakaanza kuitengeneza kwa wingi katika kiwanda cha Oppau. Tangu hapo mbolea ya viwandani ikaenea duniani, na inakadiriwa kuwa karibu nusu ya watu wote walio hai leo wanakula chakula ambacho kisingepatikana bila uvumbuzi ule. Asiyelikumbuka jambo hili asiingie katika mjadala huu. Ni rahisi sana kwa aliyeshiba kuilaani mbolea.

Walakini si mbolea yote itiwayo shambani inayoingia katika mmea. Bakteria wa udongo huigeuza kuwa naitreti, na udongo hauna nguvu ya kuishika naitreti. Chembe za mfinyanzi na naitreti zina chaji ya umeme ya namna moja, na vitu vya namna hiyo hufukuzana. Mvua ikinyesha, au mkulima akimwagilia kupita kiasi, naitreti huyeyuka, hushuka pamoja na maji, huipita mizizi, na kuendelea chini mwaka baada ya mwaka mpaka ifike kwenye hazina ya maji iliyo chini ya ardhi. Huko hakuna mmea wa kuila. Aghalabu hukaa.

Hila yake ni kwamba haina rangi, wala harufu, wala ladha. Maji yenye naitreti huweza kuwa maangavu kuliko maji ya mtoni. Na ile tahadhari ambayo kila mama amefundishwa, yaani kuyachemsha maji, hapa haifai kitu. Moto huua vijidudu, na naitreti si kijidudu. Maji yanapopungua kwa mvuke, naitreti hubaki katika sufuria na kuzidi kukolea. Mwaka 1945 daktari mmoja wa Marekani, Hunter Comly, aliandika habari za watoto wachanga wa jimbo la Iowa waliogeuka rangi kuwa ya samawati baada ya kunyweshwa maziwa yaliyochanganywa na maji ya visima vya mashambani. Katika mwili wa mtoto mchanga naitreti hugeuka kuwa naitraiti, na naitraiti huiharibu ile rangi ya damu ichukuayo oksijeni, hata mtoto akakosa pumzi ilhali mapafu yake ni mazima. Kwa sababu hiyo Marekani iliweka kikomo cha miligramu 10 za naitrojeni ya naitreti katika lita moja ya maji ya kunywa. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 50 za naitreti yenyewe, hakitofautiani sana na hicho.

Kijana msomaji, chukua kalamu tufanye hesabu. Gunia la kilo 50 za urea lina kilo 23 za naitrojeni. Tuseme kwamba katika shamba la hekta moja, maji yapitayo mizizi na kushuka chini kwa mwaka ni kimo cha milimita 200. Hayo ni lita 2,000,000. Kilo 20 za naitrojeni zikiteremka pamoja nayo, kila lita itabeba miligramu 10, nacho ndicho kikomo chenyewe. Kwa hiyo gunia moja la urea, naitrojeni yake ikipotea yote katika hekta moja, linatosha kuyafanya maji yote hayo yasifae kumnywesha mtoto mchanga. Gunia moja tu! Na katika mashamba ya mboga za biashara si ajabu kukuta hekta moja imetiwa zaidi ya kilo 200 za naitrojeni kwa mwaka.

Sasa tuitazame California. Bonde Kuu la jimbo lile, pamoja na Bonde la Salinas lililo karibu na pwani, ni miongoni mwa mashamba tajiri kabisa duniani. Huko hulimwa lozi, zabibu, machungwa, nyanya na letusi, na ng'ombe wa maziwa hufugwa kwa maelfu. Mwaka 2012 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis walitoa ripoti juu ya Bonde la Salinas na sehemu ya kusini ya Bonde Kuu iitwayo Tulare. Walieleza kwamba watu wapatao milioni 2.6 katika sehemu hizo walitegemea maji ya chini ya ardhi, na kwamba watu karibu 254,000 waliishi mahali ambapo maji yao yalikuwa katika hatari ya kuzidi kikomo cha naitreti. Walipopima chanzo chake, walikuta kuwa asilimia 96 ya naitreti iliyoshuka ilitoka katika mashamba, yaani mbolea ya viwandani na samadi ya mifugo. Wakaongeza jambo la kusikitisha: hata kama mbolea ingekoma kumwagwa siku ile ile, visima vingeendelea kuharibika kwa miongo ya miaka, kwa sababu naitreti iliyotiwa zamani ingali njiani.

Wengi wa wanywaji wa maji yale ni watu wa kipato kidogo wakaao katika vijiji vidogo, na si wachache kati yao huishi kwa kuchuma matunda na mboga za mashamba yale yale. Mwaka 2011 mjumbe wa Umoja wa Mataifa wa haki ya maji, Catarina de Albuquerque, alifika katika kijiji cha Seville, wilaya ya Tulare, kuyaona mambo hayo kwa macho yake. Familia ya mahali kama hapo hulipia maji ya bomba ambayo haiwezi kuyanywa, kisha hutoka kwenda dukani kununua maji ya chupa. Mchuma machungwa hulipa mara mbili ili apate kinywaji ambacho jirani wa mjini hukipata kwa kufungua bomba.

Nani basi wa kulaumiwa? Ukimwendea mkulima mmoja, atakuambia: mimi nimetia mbolea kama baba yangu alivyotia, shamba langu ni moja kati ya maelfu, maji yaliyo kisimani leo yalitoka juu nilipokuwa mtoto, niambie ni tone gani lililo langu. Na kwa kweli hakuna awezaye kumwambia. Naitreti haina jina la mwenyewe. Haba na haba hujaza kibaba, na methali hii, ambayo twafundishwa tukihimizwa kuweka akiba, ni ya kweli pia katika ubaya. Kila mmoja ametia haba yake, na hakuna aliyejaza kibaba.

Wako wanaodhani kwamba hoja ya mkulima huyu inamaliza mambo. Kwa maoni yangu haimalizi. Hoja yake yathibitisha kwamba hatuwezi kumhukumu kama tunavyomhukumu mwizi wa mbuzi. Haithibitishi kwamba hana wajibu. Maana kuna tofauti kubwa kati ya mtu asiyejua na mtu asiyetaka kujua. Mkulima wa mwaka 1950 hakujua kilichokuwa kikishuka chini ya miguu yake, na ni dhuluma kumshitaki marehemu kwa elimu iliyopatikana baada yake. Mkulima wa leo ameambiwa. Hawezi kuiona naitreti, lakini aweza kuihesabu; na tangu siku kitu kisichoonekana kilipoweza kuhesabiwa, kutokihesabu kulikuwa ni tendo la hiari.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mkulima huandika naitrojeni yote aliyoitia shambani kwa mwaka, ikiwa ni ya mbolea, ya samadi, au iliyomo katika maji ya kumwagilia. Kisha hupima mavuno yaliyotoka. Wataalamu wamekwisha chunguza kila zao lina naitrojeni kiasi gani katika tani moja, basi uzito wa mavuno hugeuzwa kuwa kilo za naitrojeni. Iliyoingia ikiondolewa iliyotoka, kinachobaki ni kile ambacho shamba halina maelezo yake. Kingine huenda kimebaki udongoni, kingine kimepanda hewani, lakini sehemu yake kubwa aghalabu iko njiani kwenda kisimani. Mwenye duka hufanya hesabu ya namna hii kila jioni, wala haoni kuwa ameonewa.

Mwezi wa Februari 2018 Baraza la Maji la jimbo la California liliamuru kwamba wakulima wa Bonde Kuu watoe hesabu hiyo, naitrojeni iliyoingia na iliyotoka, shamba kwa shamba. Vilevile liliamuru visima vya kunywa vilivyomo mashambani vipimwe, na wanaovitumia waarifiwe kama naitreti imezidi. Hapo ndipo mzozo ulipozidi. Wakulima walihofu kwamba daftari litakuwa mshitaki wao. Kwamba mshindani atajua siri za kilimo chao. Kwamba mtu wa mjini asiyejua msimu wala udongo ataona tarakimu moja kubwa na kupiga kelele. Ikapatikana njia ya katikati. Vyama vya wakulima hubaki na majina, na serikali hupokea tarakimu zenye alama za siri badala ya majina. Mkulima ambaye hesabu yake imepita za wenziwe kwa mbali hujulishwa na kupewa mafunzo.

Hofu ya wakulima si ya kudharauliwa. Mtu aliyezoea kuwa bwana wa shamba lake huona uchungu kuandika habari zake kwa ajili ya macho ya wengine, na serikali nyingi duniani zimeonyesha kwamba hazistahili kujua kila kitu. Tena mbolea hununuliwa kwa fedha, na hakuna mkulima mwenye akili anayefurahia kuimwaga fedha shimoni. Hutia ya ziada kama mtu achukuavyo mwavuli, kwa kuogopa hasara. Letusi ikiwa ndogo au ikipauka, mnunuzi huikataa yote. Sisi walaji, tupendao mboga kubwa za kijani kibichi kwa bei ndogo, tumo katika gunia lile la ziada, ingawa hakuna anayetudai daftari.

Lakini hofu hiyo yahitaji kupimwa na haki ya upande wa pili. Mpaka wa shamba ni mstari juu ya ardhi. Haushuki mpaka kwenye maji. Mtu aweza kusema, "Udongo huu ni wangu," na sheria ikamsadiki. Hawezi kusema hivyo juu ya maji yatembeayo chini ya shamba lake na chini ya nyumba ya mjane aliye ng'ambo ya barabara. Siri ya mtu ni siri maadam matokeo yake yanabaki kwake. Nionavyo mimi, jina la mkulima laweza kufichwa kwa muda, lakini tarakimu haziwezi, na mnywaji wa maji hana budi kuruhusiwa kuzisoma. Kumwambia mama kwamba maji yake yameharibika, kisha kumficha sababu kwa heshima ya waliomharibia, ni heshima ya upande mmoja.

Denmark ilikwisha kuipita njia hii. Tangu mwaka 1987 nchi ile ilipitisha mipango ya kulinda maji yake, na wakulima wake wakatakiwa kupeleka hesabu ya mbolea serikalini kila mwaka. Naitreti katika maji machanga ya ardhini, yaani yale yaliyoshuka miaka ya karibuni, imepungua tangu miaka ya 1980, wala kilimo cha Denmark hakikufa. Walakini wakulima walilalamika kwa muda mrefu kwamba viwango walivyowekewa vilikuwa chini ya mahitaji ya mazao, na tangu mwaka 2016 viwango hivyo vililegezwa. Daftari halikuleta amani. Lilifanya watu wagombane juu ya tarakimu, jambo ambalo ni afadhali kuliko kugombana juu ya dhana.

Msomaji wa Kenya ataniuliza, haya yatuhusu nini? Mashamba mengi madogo kwetu yana njaa ya mbolea, si shibe. Viongozi wa Afrika walipokutana Abuja mwaka 2006 waliazimia kupandisha mbolea ifike kilo 50 za virutubisho kwa hekta, na nchi nyingi hazikukifikia kiwango hicho. Mkulima ambaye kila msimu huvuna naitrojeni nyingi kuliko aliyoitia anakula mtaji wa udongo, na daftari lile lile likifunguliwa kwake litasema: ongeza. Hayo ni kweli. Lakini naitreti haitoki mashambani peke yake. Katika mitaa yenye watu wengi, kama ile ya Kisumu, imeonekana katika visima vifupi vilivyochimbwa karibu na vyoo vya mashimo. Na mwenye choo, kama mkulima wa California, aweza kuapa kwamba hakumkusudia mtu ubaya. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. California nayo ilitunga sheria ya kuitambua haki ya maji mwaka 2012. Haki iliyoandikwa hivyo humdai nani? Serikali, bila shaka, lakini serikali haitii mbolea wala haichimbi choo. Mwishoni deni huangukia mikono ya watu.

Huko California deni hilo halijalipwa. Mwaka 2021 baraza linalosimamia maji ya pwani ya kati, penye Bonde la Salinas, lilikwenda mbali kuliko kuomba hesabu. Liliweka mipaka ya tofauti kati ya naitrojeni iingiayo na itokayo, mipaka ambayo ingeshuka hatua kwa hatua mpaka ratili 50 kwa ekari ifikapo mwaka 2051. Mwaka 2023 Baraza la Maji la jimbo lote likairudisha mipaka hiyo, likitaka jopo la wataalamu lishauri kwanza. Wateteaji wa vijiji waliona kwamba wamenyang'anywa ushindi. Wakulima walishusha pumzi. Kila upande una sababu zake, lakini muda wenyewe ni wa kutisha. Hata kama mipaka ile ingedumu, mtoto aliyezaliwa mwaka iliyowekwa angekuwa na umri wa miaka 30 kabla haijafika kiwango chake cha mwisho, kisha angengoja tena maji yale yashuke.

Kwa hiyo lipo swali la wakati wa kungoja, ambalo kwangu ni zito kuliko yote. Mwaka 2012 wale wataalamu wa Davis walikadiria kwamba kuwapatia watu wa mabonde yale maji salama kungegharimu kati ya dola milioni 20 na milioni 36 kwa mwaka, kwa miaka 20 au zaidi, na miongoni mwa njia za kupata fedha walitaja ada juu ya mbolea. Mwaka 2019 jimbo lilianzisha mfuko wa maji salama wa dola milioni 130 kwa mwaka. Katika Bonde Kuu, mpango ulioidhinishwa mwaka huo huo ulifungua njia kwa wakulima na wengine waimwagao naitreti kuungana katika kanda, kupima visima vya majumbani, na kuwapa maji ya kunywa bila malipo wale ambao visima vyao vimezidi kikomo. Hakuna aliyethibitisha tone la nani liko katika kisima cha nani. Hata hivyo kila mmoja wao hutoa mchango, na chupa hufikishwa mpaka mlangoni. Walio wengi kati ya wazipokeao hawamjui hata mmoja wa wachangaji, wala wachangaji hawajui ni mbolea ya mwaka gani wanayoilipia.